Cheti cha Anjela na Sauti ya Pasko

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo kila ikinijia naacha kwanza ninachokifanya. Naweza kuwa napepeta maharage, naweza kuwa kanisani katikati ya sala, ikinijia natulia na kujishika kifua. Katika miaka yangu ya unesi nimeona mengi, na watu wa kwetu wanajua mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Asubuhi ile ilinishtua, na mshtuko wake haujaniisha. Kaa nikusimulie, maana nasikia umeingia chuo cha uuguzi, na habari hii inakuhusu wewe kuliko mtu mwingine.

Nilianza kazi nikiwa msichana kule Mbulu, nikahamishiwa Babati, nikazalisha kina mama mpaka nikastaafu. Nyumba yangu iko nje kidogo ya Bonga, barabara ya Dodoma, na mpaka leo wapita njia wananiita Nesi, ingawa sare yangu nyeupe nilishaikata vitambaa vya kufutia vyombo. Mtoto wangu wa pekee ni Pasko. Yeye mambo ya damu na dawa hakuyataka tangu utotoni. Akiona sindano alikuwa anajificha chini ya kitanda. Alipokua akafungua steshenari karibu na stendi ya Babati mjini.

Steshenari za siku hizi unazijua. Haziuzi madaftari na kalamu tu. Kila kitu sasa kina mfumo, na mfumo uko kwenye mtandao. Mzazi anayemwombea mtoto nafasi ya chuo, mwalimu anayetaka uhamisho, mkulima wa Sigino anayetafuta namba ya mlipakodi, wote wanakwenda kwa Pasko. Mtu anamtajia jina na namba ya siri, anasogea pembeni kunywa chai, Pasko anabofya, karatasi inatoka, kazi imekwisha. Hakuna anayeona ubaya wowote. Hata habari za pensheni yangu anazishughulikia yeye, na ukitaka kujua namba yangu ya siri ni ipi, itabidi ukamuulize.

Siku moja nilimpelekea chakula dukani nikamkuta amekodolea macho kompyuta. Kwenye kioo mkono wa mtu ulikuwa unampangusa mwanasesere wa mpira, ukimgeuza, ukimsugua mgongo, halafu picha inaisha na maswali yanakuja. Pasko akajibu maswali, akarudisha picha mwanzo, akaanza tena kwa jina lingine. Nikamtania kwamba kama anatamani mtoto wa pili, aache kuhangaika na wa mpira, arudi nyumbani mapema kwa mke wake. Akacheka, akasema ni kazi za wateja tu. Nikacheka naye, nikaondoka.

Mtoto wa pili alikuja kweli. Yasinta, mke wa Pasko, akashika mimba, na miezi ilipokaribia akahamia kwangu na mtoto wao mkubwa, Deo, ili nimwangalie. Tulipanga akajifungulie hospitali ya mjini. Lakini uzazi una haraka zake. Asubuhi ile uchungu ulimkamata akiwa anakoroga uji, na kabla uji haujaiva nilishajua kwamba mjini hatutafika. Mvua ilikuwa inamwagika. Pasko, aliyekuwa amelala kwangu usiku ule, akamwita jirani mwenye bajaji, tukambeba Yasinta mpaka zahanati moja ndogo ya njiani, ambayo jina lake nitaliacha.

Tulimkuta nesi mmoja tu, Anjela. Wenzake walikuwa wamekwenda kwenye huduma ya mkoba, kuchanja watoto vijiji vya mbali. Usimdhanie Anjela vibaya, mwanangu. Ni binti mpole, ana lugha nzuri kwa wagonjwa, na vyombo vyake vilikuwa safi kuliko vya kwangu nilipokuwa na umri wake. Akanipa shikamoo, akasema nibaki ndani nimsaidie. Pasko akabaki nje, maana kwetu mwanamume hasogelei chumba cha kuzalia.

Ukutani, juu ya meza ya kumlazia mtoto, kulikuwa na cheti kimewekwa ndani ya plastiki. Kilikuwa na picha ya Anjela akitabasamu, na maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba amefaulu, kwa njia ya mtandao, somo la kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Alama zake zilikuwa za juu kabisa. Nilikisoma taratibu, moyo ukatulia. Nikamwinamia Yasinta nikamwambia asiwe na wasiwasi, tuko kwa mtu aliyesoma.

Mtoto alitoka haraka. Alikuwa wa kiume, mzito, na alikuwa kimya.

Ukimya ule huwezi kuuelewa mpaka ukukute. Mtoto alikuwa amelegea, rangi yake ya majivu, mikono inaning'inia. Anjela akakata kitovu, akamlaza mezani, akachukua ambu, ule mpira wa kumpulizia mtu hewa wenye kikombe cha kufunika mdomo na pua. Akakiweka kikombe kichwa chini miguu juu, sehemu nyembamba ikawa kidevuni badala ya puani. Akaminya. Hewa ikatokea pembeni, ikapeperusha vinywele vya mtoto, kifua hakikutikisika. Akaminya tena, vilevile. Kisha akainua macho akanitazama, na katika macho yale sikuona mtu aliyesoma. Niliona binti aliyepotea njia.

Nikamwacha Yasinta, nikaruka. Nilifanya nilivyofundishwa ujanani na nilivyofanya miaka yote: nikamkamata mtoto miguu, nikamning'iniza kichwa chini, nikainua kiganja nimchape nyayo.

"Mama, usimchape. Mlaze. Mkaushe, umsugue mgongo."

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Pasko. Alikuwa amesimama kizingitini na koti la mvua linalochuruzika, ametupa jicho ndani mara moja kisha uso ameugeuzia ukutani, na alikuwa anasema maneno hayo kama mtoto wa shule anayesoma shairi alilolikariri. Mwanangu, mimi nilikuwa nesi kabla yeye hajazaliwa. Siku nyingine yoyote ningemfukuza. Lakini sauti yake haikuwa na shaka hata kidogo, na mimi nilikuwa nimeishiwa. Nikamlaza mtoto, nikamkausha, nikamsugua mgongo.

Hakupumua. Pasko akauliza kama amepumua, nikasema hapana. Akasema kitambaa kilicholowa kiondolewe, kiwekwe kikavu, kisha ambu, na kichwa cha mtoto kiwe sawa, kisiinuliwe sana. Nikamnyang'anya Anjela ambu. Hapo mikono yangu ikakumbuka yenyewe. Nikageuza kikombe, sehemu nyembamba puani, nikakikandamiza kwa vidole kama nilivyozoea, nikaminya.

"Kifua kinapanda?" akauliza Pasko.

"Hakipandi."

"Basi angalia kinywani, ufute, halafu uweke kikombe upya."

Nikafuta ute mzito uliokuwa umeziba koo. Nikaweka kikombe upya, nikaminya, na kifua kikapanda. Nikaminya tena, kikapanda tena. Anjela akapata akili, akashika mpira wa kusikilizia, akasema moyo unapiga. Yasinta alikuwa anauliza kwa nini mtoto halii, na hakuna aliyemjibu. Nikaendelea kuminya huku Pasko akinihesabia taratibu kutoka mlangoni, mpaka mtoto akakunja uso, akavuta pumzi moja ya kukwama, akavuta nyingine, halafu akalia. Kilio chenyewe kilikuwa chembamba na cha kukwaruza, nami sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile.

Tulipomlaza kifuani kwa mama yake na kuwafunika wote wawili, nilinawa mikono. Nikakaa kwenye kigoda. Nikamuuliza Pasko, hayo yote ameyajulia wapi. Aliyejibu ni Anjela, na alijibu akiwa anaangalia sakafu.

"Alinifanyia somo langu, Mama. Nilimpa namba yangu ya siri."

Mwanangu, nilipigwa na butwaa. Nilikiangalia kile cheti ukutani. Jina la Anjela, picha ya Anjela, na maarifa ya Pasko. Nikakumbuka nilivyokisoma dakika chache tu nyuma na kumtuliza mkwe wangu kwa ajili yake. Mwenye cheti alikuwa hajui. Aliyejua alikuwa muuza karatasi, amesimama nje kwenye mvua, hajawahi kushika mtoto mchanga ambaye hajaoshwa. Na mwenye mikono alikuwa kikongwe aliyestaafu, ambaye kama asingezuiwa angepoteza muda kwa kumchapa mtoto nyayo. Ilibidi tuwe watatu ili apatikane nesi mmoja.

Anjela alianza kujieleza bila kuulizwa. Leseni yake ilikuwa inakaribia kwisha, na haihuishwi bila pointi za mafunzo endelevu. Masomo yako kwenye mtandao. Simu yake ina kioo kilichopasuka, mtandao wa pale unakuja na kwenda, na Kiingereza cha somo kizito. Wenzake wakamwambia asijisumbue, wote wanapeleka kwa Pasko, jioni cheti kiko tayari.

"Nilidhani ni mambo ya mfumo tu," akasema.

Nilitaka kumfokea na sikuweza, kwa sababu nilimwamini. Alidhani hivyo kweli. Pasko naye alidhani hivyo. Kwao lile lilikuwa jambo moja na kuomba uhamisho au namba ya mlipakodi, kitu cha kujaza ili karatasi itoke. Hakuna aliyekaa akasema, hebu, humu ndani kuna mtoto.

Mvua ilipopungua tukawapeleka Yasinta na mtoto hospitali ya mjini. Walimlaza wakamwangalia kwa siku kadhaa, wakasema ananyonya vizuri na anakaza mikono vizuri, twende nyumbani. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka watu wa wodi wakanigeukia. Lakini usingizi ulikuwa umenihama. Nilikuwa nikifumba macho naona kikombe kimewekwa kichwa chini.

Baadaye Anjela akaja nyumbani kwangu, siku yake ya mapumziko. Alikuwa amelisoma lile somo mwenyewe, tangu mwanzo mpaka mwisho, akiwa amekaa kwenye kilima cha nyuma ya zahanati ambako mtandao unashika. Maneno magumu alikuwa amemuuliza daktari mmoja wa mjini. Akanitajia hatua zote, moja baada ya nyingine, bila kukosea. Nikamsikiliza nikijiona mimi nikiwa msichana wa chuo kule Mbulu. Tulikuwa na mwalimu wetu, Sista mmoja mfupi, mkali, ambaye viatu vyake vilisikika kabla yake. Siku moja nami nilimtajia hatua zangu zote kwa majivuno, wenzangu wananitazama kwa kijicho. Sista akanipa mto, akasema huyu ndiye mtoto, nifanye. Nikaushika mto kama ninavyobeba kuni. Alinitazama muda mrefu, kisha akaniambia kwamba mgonjwa hatanisikiliza nikisema, atanisubiri nifanye. Nililia siku hiyo, nikarudi kwenye ule mto kila jioni mpaka mikono ikazoea.

Basi nikaviringisha khanga mbili, nikamfungia Anjela mtoto wa nguo, nikamwambia tuanze. Alikuwa amekuja na ambu ya kufundishia. Mara ya kwanza hewa ilitokea pembeni vilevile, na alijua somo lote. Tukarudia mpaka kikombe kikakaa vizuri. Halafu yeye akanifungulia simu, tukaangalia somo pamoja, na mimi nikaona kwa macho yangu kwamba kule kuning'iniza na kuchapa nilikokufanya maisha yangu yote kulishaachwa. Hakuna aliyewahi kuja kuniambia. Zamani zile ilikuwa tusubiri gari la semina, aende mmoja wetu, na huyo mmoja alirudi na begi jipya na habari za chakula cha hotelini, sisi wengine tukabaki vilevile. Sasa somo zuri namna ile linapanda mpaka kilimani kwetu, linamkuta binti amekaa kwenye jiwe, linamweleza mara nyingi kadiri anavyotaka na halimchoki. Nilistaajabu. Nikaona uchungu zaidi kwamba kitu chenye thamani hivyo tulikuwa tunakitupa kwa mtu wa kubofya.

Pasko aliacha kuwafanyia manesi. Wakija anawaeleza kwa nini, anawaonyesha jinsi ya kufungua wenyewe, kompyuta anawaachia wakae. Wengine wanakaa. Wengine wanakasirika na kuvuka barabara kwenda steshenari nyingine, maana ziko nyingi.

Siku moja alifunga duka mchana, jambo ambalo halifanyi hata akiwa na homa, akaja kwangu. Alikaa jikoni hajavua hata kofia. Akasema amejiwa na nesi wa zahanati ya ng'ambo, anataka afanyiwe somo. Alipomkatalia, yule dada akakasirika, akamuuliza mbona safari iliyopita alimfanyia bila maneno. Pasko akanitajia somo lenyewe. Lilikuwa lile lile la mtoto asiyepumua.

"Mama," akasema, "mtoto wa Mama Eliya alizaliwa pale. Baada ya mimi kumfanyia."

Mama Eliya ni jirani yetu. Mimba yake ilikuwa nzuri, akaenda na furaha zake, akarudi na khanga tupu. Tuliambiwa mtoto hakulia. Tulimzika wakati wa kupanda mahindi, na Pasko ndiye aliyebeba lile sanduku dogo, kwa kuwa baba yake mtoto alishindwa kusimama.

Nikajikaza, nikamwambia Pasko ukweli ninaoujua, kwamba wako watoto wasiopumua ambao hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuwarudisha, hata uwe mkono wa bingwa. Huenda yule alikuwa mmoja wao. Hakuna ajuaye, na hakuna atakayejua. Pasko akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama mimi mwenyewe naamini hayo ninayosema.

Niliondoa sufuria motoni, mwanangu, nikakaa karibu naye. Mpaka leo tukikutana na Mama Eliya njiani, anampa Pasko mkono, anamuuliza habari za mtoto, na Pasko anajibu huku anatazama chini.

Sasa nikwambie ninachotaka uondoke nacho. Utamaliza chuo, utapewa leseni, na kila baada ya muda utatakiwa kusoma tena. Usinung'unike. Dawa zinabadilika, njia zinabadilika, na mimi ni shahidi kwamba mtu anaweza kufanya kazi kwa moyo wote huku anarudia kitu kilichoachwa. Likija somo kwenye simu, lisome wewe. Mtandao ukisumbua, panda kilimani. Kiingereza kikikushinda, uliza bila aibu, kwa sababu aibu ya kuuliza inaisha siku hiyohiyo. Namba yako ya siri usimpe mtu, hata awe mwanangu Pasko, hata akuambie ni bure. Na ukishafaulu, usiende kukitundika cheti kwanza. Weka simu pembeni, viringisha nguo, tafuta mwenzako akutazame, ufanye kwa mikono mpaka yeye aridhike. Ukimwona mwenzako anasomewa na mtu mwingine, mwambie. Atakununia, na wewe mvumilie. Anayesomewa hamdanganyi mwajiri peke yake. Kuna mama ambaye hajamwona bado, yuko nyumbani kwake anakoroga uji, na atakuja.

Njoo nikushike kichwa. Mungu wa wazee wetu akubariki, mwanangu. Akupe subira ya kujifunza hata utakapozeeka, akupe moyo wa kusema sijui pale usipojua. Mikono hii yako aitie utulivu na uangalifu. Na kila mama atakayekuja kwako akiwa na mimba, arudi kwao amembeba mtoto wake. Amina.